Kanzu ya Hana na simu ya mama wa leo

Masomo: 1 Samweli 2:18-19, Yohana 9:1-7



Ukikaa leo kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, utaona kina mama wengi wameshika vitu viwili: kadi ya kliniki na simu. Kadi inaeleza chanjo na uzito. Simu, kwa wale wenye simu janja, imeanza kueleza mambo mengine. Mtoto wa umri huu atabasamu anapochekewa. Wa umri ule ageuke akisikia jina lake. Mwingine awe ameanza kupiga hatua. Hizi ni programu za kufuatilia ukuaji wa mtoto. Mzazi anaingiza tarehe ya kuzaliwa, anaulizwa maswali, naye anajibu "ndiyo", "sina uhakika" au "bado".

Mojawapo inayojulikana sana ni Milestone Tracker, inayotolewa bure na CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani. Ilianza mwaka 2017, nayo humfuata mtoto kuanzia miezi miwili hadi miaka mitano. Mwaka 2022 taasisi hiyo, ikishirikiana na chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo, ilipitia upya orodha ya hatua za ukuaji. Sasa hatua inaandikwa kwenye umri fulani ikiwa inategemewa kwamba watoto 75 au zaidi kati ya 100 wameshaifikia wakiwa na umri huo. Lengo ni kwamba jibu la "bado" limfanye mzazi aende kuuliza, badala ya kuambiwa "subiri tu, atafika".

Wapo Wakristo wanaouliza kama ni sawa kumkabidhi mtoto kwa simu, wakati mtoto ni zawadi ya Mungu. Swali hilo si zito sana. Tunapima uzito kliniki kila mwezi na hakuna anayeona imani imepungua. Swali zito ni hili: simu ikisema "bado", nini kinafuata katika nyumba ile, katika ukoo ule, na katika kanisa ambako mtoto yule alibatizwa au kuwekwa wakfu?

Hana alipima ili ashone

Biblia inatupa mama mmoja aliyefuatilia ukuaji wa mtoto wake akiwa mbali. Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, akampata Samweli, na alipokwisha kumwachisha ziwa akampeleka Shilo akae na kuhani Eli. Kisha mwandishi anaongeza jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kila mwaka Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo, akampelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu.

Fikiria kazi ya kanzu hiyo. Huwezi kumshonea mtoto nguo bila kujua kimo chake. Mwaka jana alifika kiunoni, mwaka huu je? Mabega yamepanuka kiasi gani? Mikono imerefuka? Hana alilazimika kumtazama mtoto vizuri siku za sikukuu, aweke vipimo moyoni, kisha arudi nyumbani akakisie. Alipima, lakini kipimo chake hakikuishia kwenye kipimo. Kiliishia kwenye kitambaa, sindano, na safari ya kwenda Shilo.

Hapo ndipo tunapata kigezo cha kupima programu hizi za simu. Kipimo chema ni kile kinachoishia kwenye kanzu, yaani kwenye tendo linalomfaa mtoto. Kipimo kinachoishia kwenye hofu, majigambo au lawama hakimsaidii mtoto hata kidogo.

Kuona mapema ni rehema

Tusidharau faida ya programu hizi. Miaka ya mwanzo ya mtoto ndiyo miaka ambayo ubongo wake hujengeka kwa kasi kubwa, na msaada unaotolewa wakati huo huzaa matunda ambayo baadaye hupatikana kwa shida. Jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria mwaka 2016 kwamba watoto milioni 250 wenye umri chini ya miaka mitano katika nchi za kipato cha chini na cha kati wako katika hatari ya kutofikia uwezo waliojaliwa, kwa sababu ya umaskini uliokithiri na udumavu. Hapa Tanzania, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hali imekuwa bora kuliko miaka iliyotangulia, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu wanaokaa mbele yetu siku ya ubatizo.

Chukua mfano wa usikivu. Mtoto asiyesikia hulia, hucheka, na katika miezi ya mwanzo hutoa sauti kama wenzake. Nyumbani hakuna anayeshtuka. Atakapotimiza miaka mitatu bila kusema neno, bibi atasema, "Hata baba yake alichelewa kusema." Huenda ni kweli. Lakini huenda pia miaka mitatu imepita ambayo mtoto angeweza kupimwa masikio, kupewa kifaa, au kuanza kufundishwa lugha ya alama. Swali moja la simu, "Je, anageuka ukimwita jina?", likiulizwa akiwa na miezi tisa, lingeweza kuiokoa miaka hiyo.

Lakini "bado" si hukumu

Upande wa pili upo pia. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo vya hatua sita za mwili, kama kukaa, kusimama na kutembea. Kutembea bila kushikwa kulianza kwa wengine karibu na miezi 8, na kwa wengine karibu na miezi 17 na nusu. Wote walikuwa wazima. Watoto wapatao 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Walipita njia nyingine, wakasimama dede, wakaenda zao. CDC nayo ilipopitia orodha yake mwaka 2022 iliondoa kutambaa.

Basi mama ambaye mtoto wake ana miezi 12 na hajatembea hana sababu ya kukosa usingizi eti kwa kuwa jirani ameandika kwenye kundi la WhatsApp, "Wangu alitembea na miezi tisa!" Watoto si magari ya mashindano. Mungu hakuwatoa kiwandani kwa siku moja.

Hata hivyo, neno "kila mtoto na wakati wake" lisigeuke kuwa mto wa kulalia. Watengenezaji wenyewe wa Milestone Tracker wanasema wazi kwamba haichukui nafasi ya uchunguzi wa kitaalamu. Kazi yake ni kumwamsha mzazi aende kwa mtaalamu. Na ipo dalili moja ambayo haipaswi kusubiri hata wiki: mtoto aliyekuwa anaweza jambo kisha akaliacha. Alikuwa anasema maneno, amenyamaza. Alikuwa anakaa, sasa anaanguka. Huyo apelekwe kituo cha afya mapema, akiwa na miezi mingapi vyovyote.

Nani ametenda dhambi?

Sasa tufike pale panapouma. Katika jamii yetu, neno "bado" haliingii nyumbani likiwa peke yake. Huingia na swali. Mtoto hakazi shingo, hatembei, hasemi: nani amefanya nini? Mama alikula nini akiwa mjamzito? Ukoo wa mama una nini? Nani amemroga? Ni laana ya nani? Wapo kina baba waliofunga virago kwa sababu ya swali hilo. Wapo watoto wenye mtindio wa ubongo au usonji ambao majirani hawajawahi kuwaona, kwa sababu hufungiwa chumba cha uani mgeni anapokuja. Na wapo wazazi waliozunguka kutoka mkutano mmoja wa maombi hadi mwingine, kutoka kwa mtumishi mmoja hadi mwingine, huku mtoto akiongezeka umri bila kuonwa na daktari.

Swali hilo si geni. Katika Yohana sura ya tisa, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Alisema si yeye wala si wazazi wake, akaelekeza macho yao kwenye kazi ya Mungu iliyokuwa mbele yao. Kisha hakuishia kusema. Alitengeneza tope, akampaka macho, akamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Pale walipotafuta wa kumlaumu, yeye alishika kazi.

Kanisa linalojibu "bado" ya mtoto kwa kutafuta mwenye dhambi limekaa upande wa wanafunzi, halijafika upande wa Bwana. Na tusiyagombanishe maombi na hospitali. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14, aliandika Injili na hakuna aliyemwambia achague kimoja. Mchungaji anayemwombea mtoto na palepale kumuuliza mama, "Kliniki wamesemaje?", hajapunguza imani. Ameongeza upendo.

Nyuma ya simu kuna mlango

Kuna jambo ambalo mama wa Tanzania anayepakua programu ya Kimarekani hawezi kuliona kwenye kioo cha simu. Programu ile ilitengenezwa mahali ambapo nyuma yake kuna mlango. Tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani imeweka mpango wa huduma za mapema kwa watoto wadogo wenye ulemavu au wanaochelewa kukua, na mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu anaweza kuomba apimwe bila malipo. Simu inaposema "chukua hatua mapema", inaonyesha pa kwenda.

Kwetu mlango upo, ila njia ya kuufikia ni ndefu. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, ikiwalenga watoto hadi miaka minane. Imejengwa juu ya mambo matano: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Tunao pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba. Lakini mtaalamu wa mazoezi tiba, wa usemi au wa masikio, mara nyingi yuko hospitali kubwa ya mjini. Mama wa kijijini akipewa rufaa anahesabu nauli, chakula, mahali pa kulala, na nani atabaki na wadogo wengine. Safari moja anaweza. Mazoezi ya kila wiki kwa miezi sita hawezi.

Hapo ndipo kanzu ya leo inaposhonwa. Kanzu ya mtoto huyu ni nauli. Ni dada wa kwaya anayekaa na wadogo zake Jumanne. Ni baba wa kanisa mwenye pikipiki anayempeleka stendi alfajiri. Ni mzee anayemwita baba wa mtoto faragha na kumwambia, "Mwanangu, usiikimbie nyumba yako." Hakuna programu yoyote ya simu inayoweza kufanya hayo. Sisi tunaweza.

Siri ya mtoto ni siri

Neno moja kuhusu taarifa. Mzazi anayejaza maendeleo ya mtoto kwenye simu anaandika habari za afya ya mtu ambaye hajui hata kusoma. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Kabla ya kupakua programu yoyote, uliza ni ya nani, inataka nini, na kwa nini inataka picha au mahali ulipo. Mzazi anaweza kujibu maswali ya ukuaji bila kuandika jina kamili la mtoto.

Lakini tusiwanyooshee kidole wenye programu peke yao. Ni mara ngapi jina la mtoto, ugonjwa wake na picha yake vimerushwa kwenye kundi la kanisa la watu mia mbili kwa kisingizio cha ombi la sala? Mama alimweleza mtu mmoja kwa machozi, na jioni mtaa mzima unajua. Mtoto huyo atakua, na kisa hicho kitamfuata shuleni. Mungu anamjua mtoto hata tukiomba bila kumtaja jina.

Na simu isiuchukue uso

WHO mwaka 2019 ilishauri kwamba watoto walio chini ya mwaka mmoja wasikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wale wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Itakuwa ajabu basi kama mzazi atashika simu nusu saa akitafuta kujua kama mtoto anatabasamu, huku mtoto akimtabasamia na yeye hamwoni. Maswali mengi ya programu hizi hujibiwa kwa njia ya zamani: mpakate, mwimbie, mwite jina, mfiche leso usoni kisha ifunue. Jibu utalipata kwenye uso wake. Na baba naye afanye hivyo. Katika Luka sura ya pili, Yesu alipobaki Yerusalemu, aliyemtafuta hakuwa Mariamu peke yake. Yusufu naye alikuwa njiani, na wote wawili walikuwa na uchungu moyoni.

Tufanye nini Jumapili hii?

Kwanza, siku ya kliniki itangazwe kanisani kama tunavyotangaza vikao vya harusi. Muuguzi muumini, na karibu kila usharika una mmoja, apewe dakika kumi kila baada ya miezi mitatu aeleze hatua za ukuaji kwa Kiswahili chepesi, kwa wenye simu janja na kwa wenye simu ya tochi.

Pili, walimu wa shule ya Jumapili wafundishwe kuona. Wao hukaa na watoto wengi wa umri mmoja, na ndio wa kwanza kugundua asiyesikia, asiyeona vizuri, asiyecheza na wenzake. Wafundishwe pia kusema na mzazi kwa upole, pembeni, bila kumpa mtoto jina la ugonjwa.

Tatu, fungu la huduma kwa wahitaji liwe na sehemu ya nauli za rufaa za watoto. Si lazima liwe kubwa. Nauli ya safari moja inaweza kubadili maisha ya mtoto.

Nne, mafundisho ya laana dhidi ya wazazi wa watoto wenye ulemavu yakome kwenye madhabahu zetu. Kama Bwana aliyakataa, sisi ni nani tuyarudishe?

Wale ambao hawatafika

Na bado kuna watoto ambao, pamoja na kliniki, mazoezi na maombi, jibu lao litabaki "bado" maisha yao yote. Kuna hatua hawatafika. Programu itaendelea kuuliza, na mama atachoka kubonyeza jibu lilelile.

Wakumbukeni Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka mitano mlezi wake alipokimbia naye, akaanguka, akalemaa miguu. Daudi alipokuwa mfalme alimtafuta, akamweka mezani pake ale kama mmoja wa wana wa mfalme. Sura ya tisa ya Samweli wa Pili inamalizika kwa kusema alikula mezani daima, na kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali alipokaa.

Kanisa lijiulize basi, pamoja na swali la mtoto amefikia hatua gani, swali hili pia: mtoto huyu ana kiti mezani petu? Mama yake anaweza kuja naye ibadani bila watu kugeuka? Akipiga kelele katikati ya mahubiri, tutamtoa nje au tutamzoea?

Tuombe. Ee Bwana, uliyekua katika kimo na hekima mikononi mwa wazazi, utupe macho ya kuona mapema, midomo isiyolaumu, na mikono iliyo tayari kushona. Uwatie nguvu kina mama na kina baba ambao jibu lao ni "bado", na utufanye sisi tuwe jirani zao. Amina.